Kibarua cha Likizo na Matembezi ya Kerio: Vijana Wapange Nini Kabla ya Kuondoka?

Kila mwaka shule zinapofungwa mwishoni mwa Oktoba, wazazi wa Eldoret huanza kuulizana: hawa watoto watakaa tu nyumbani mpaka Januari? Na wale wa kidato cha nne, wakishaweka kalamu chini mwezi wa Novemba, wana miezi mingi ya kungoja matokeo, kisha kungoja chuo. Wengine hushinda mbele ya duka la mtaa wakihesabu magari. Wengine, na hao ndio tunaowafikiria leo, hukusanyana watano au sita wakaamua kwenda kutafuta kibarua mashambani, halafu pesa ikipatikana watembee kidogo waone nchi yao kabla ya kurudi nyumbani.

Sisi katika kazi yetu ya huduma za jamii tunaliona jambo hili kuwa zuri. Tunajua kuna wazazi watakaonuna. Lakini vijana wa Ufaransa wanakwenda kuvuna zabibu kila Septemba na hakuna anayesema wamepotoka. Shida haiko katika kwenda. Shida iko katika kwenda bila kupanga, na ndiyo maana tunaomba somo hili lisomwe na mzazi na kijana wakiwa wameketi pamoja.

Kazi iko wapi?

Bahati yetu ni kwamba likizo ndefu inaangukia msimu wa mavuno. Mahindi yaliyopandwa na mvua za Machi na Aprili yanakuwa tayari kati ya Oktoba na Desemba. Huko Moiben, Ziwa, Soy, Moi's Bridge, na ukivuka kuingia Trans Nzoia, kuna kukata mahindi na kuyasimamisha, kuvunja, kubeba, kupukuchua kwa mashini, kuanika na kujaza magunia. Mvua ikitishia, mwenye shamba anatafuta mikono haraka, na hapo ndipo kikundi cha marafiki wanaoelewana kinapata kazi mbele ya mtu mmoja mmoja.

Upande wa Nandi Hills kuna majani chai. Huko tunawaonya mapema: kuchuma majani mawili na chipukizi ni ufundi. Mgeni hulipwa kwa kilo kama mwenyeji, lakini kilo zake wiki ya kwanza ni za kusikitisha. Tena mashini za kuchuma zimepunguza kazi katika mashamba makubwa. Watu hawajasahau jinsi mashini hizo zilivyochomwa Kericho mwezi wa Mei 2023. Kwa kijana wa likizo, mkulima mdogo wa chai ni afadhali. Na mzani usomwe mbele ya mchumaji.

Jambo moja zaidi. Dalali akiomba "ada ya kuandikisha" kabla hujafika shambani, rudi nyumbani. Wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mwaka 2023 kwa sababu ya pesa walizolipia watoto waende kusoma Finland na Kanada. Kibarua cha mahindi hakilipiwi.

Mapatano kwanza, panga baadaye

Kesi nyingi zinazoletwa kwetu mwezi wa Desemba ni za malipo. Kikundi kimoja kilikubaliana na mwenye shamba kulipwa kwa gunia. Siku ya kulipwa wakaambiwa gunia ni lile lenye kilele, lililoshonewa juu kama mnara, na hivyo yao hayakutimia. Walikuwa wamefanya kazi siku tisa. Hawakuwa wameandika kitu, wala hapakuwa na shahidi, na msimamizi waliyepatana naye alikuwa ameshahamia shamba lingine. Mzee wa mtaa aliingilia kati wakapata kitu kama nusu.

Kwa hiyo muulize kabla ya kushika panga. Tunalipwa kwa siku au kwa gunia? Gunia lijae mpaka wapi? (Kwa kawaida mahindi yaliyopukuchuliwa huhesabiwa kwa gunia la kilo 90, la magunzi ni hesabu nyingine kabisa.) Mvua ikinyesha saa nne, siku inahesabiwa? Chakula cha mchana ni cha nani? Andikeni kwenye daftari, jina la mwenye shamba na tarehe, na mmoja wenu awe karani wa kila jioni. Daftari la shilingi chache limeshaokoa mishahara mingi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua wa siku alipwe jioni ya siku hiyo. Anayelipwa kwa kiasi cha kazi alipwe kazi inapokwisha, au mwisho wa mwezi, lolote litakalotangulia. Sheria hiyo hiyo inakataza mshahara kulipiwa mahali pa kuuzia pombe. Wengine hucheka tukisema hivyo, lakini mama wa nyumbani hawacheki. Mkikwama, anzeni kwa chifu, kisha ofisi ya leba hapa Eldoret. Nendeni na daftari.

Kuhusu umri: kwa sheria, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Wa miaka 13 mpaka 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Kubeba gunia la kilo 90 si kazi nyepesi hata kwa baba yake.

Tupige hesabu

Vijana wengi huondoka na ndoto ya simu mpya. Hebu tuchukue mfano. Marafiki 6, siku 12 za kazi, shilingi 500 kwa siku kila mmoja: jumla ni 36,000. Sasa toa. Wamekaa siku 15, kwa sababu Jumapili na siku za mvua pia mtu anakula. Chakula cha 150 kwa siku kwa kila mtu ni 13,500. Nauli ya kwenda na kurudi, tuseme 600 kila mmoja, ni 3,600. Zinabaki 18,900, yaani 3,150 kwa kila mtu. Mvua ikila siku tatu za kazi, kila mmoja anabaki na 1,650.

Si pesa ya simu. Lakini wakibeba unga na maharagwe kutoka nyumbani, wakapika kwa sufuria moja, chakula kikashuka mpaka 80 kwa siku, kila mmoja anarudi na 4,200 siku zote 12 zikipatikana. Tunaonyesha hesabu hii kwa sababu marafiki hugombana zaidi kwa pesa ya chakula kuliko kwa kitu kingine chochote. Kubalianeni ni nani anashika mfuko, na ahesabu mbele ya wote kila Jumamosi.

Kuna wanaolipwa kwa mahindi. Hakuna ubaya, mradi yamekauka. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi bado yana maji, yaanikwe tena. Mwaka 2004 zaidi ya watu 100 walikufa huko Ukambani kwa sumu ya kuvu katika mahindi. Kijana asimletee mama yake gunia la namna hiyo.

Kulala na mashini

Hapa tunaomba msome polepole. Vibarua wengi hulazwa ghalani. Ghala lililotiwa dawa ya vidonge vya kuua wadudu si mahali pa kulala hata usiku mmoja. Vidonge vile vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosifini, nayo huua watu kama inavyoua fukusi. Uliza: mahindi haya yametiwa dawa lini? Usipopata jibu linaloeleweka, afadhali ulale nje kwenye turubai na baridi yako.

Mashini ya kupukuchua inayozungushwa na trekta hushika nguo kwa nukta moja. Leso, skafu, koti lisilofungwa na sketi ndefu vikae mbali. Ajali ikitokea kazini, sheria ya fidia ya 2007 inamdai mwajiri, lakini fidia hairudishi mkono. Na kabla ya kuondoka, jiandikisheni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024.

Wasichana wakiwemo, mzazi mmoja aende kwanza akaone chumba, mlango unaofungwa kwa ndani, na choo. Tusione haya kuuliza. Mwenye shamba mwema hachukizwi na swali hilo, na anayechukizwa ametujibu.

Halafu Kerio

Kazi ikiisha, watembee! Vijana wengi wa Eldoret hawajawahi kusimama Iten wakaangalia bonde. Iten iko kama mita 2,400 juu ya bahari, na chini kwenye mto kuna tofauti ya zaidi ya mita 1,000. Asubuhi umevaa sweta, saa saba unatafuta kivuli. Njia ya kuteremka kupitia Tambach mpaka Biretwo inatembeka kwa siku moja kwa mwenye viatu vizuri na maji ya kutosha. Kupanda, pandeni matatu, msijitese.

Chebloch, pale mto Kerio unapopita katika mwamba mwembamba kwenye barabara ya Kabarnet, mtawakuta vijana wa pale wakiruka majini kutoka juu. Wamekua hapo, wanalijua kila jiwe. Waangalieni, wapigieni makofi, msiwaige. Rimoi ni hifadhi ya wanyama tangu 1983, na ndovu wake hawasomi mipaka. Jioni ikikaribia, kaeni penye watu. Sisi wa nyanda za juu hatujazoea malaria, kwa hiyo chandarua kiwe kwenye mzigo.

Mambo mawili yasichukuliwe kwa mzaha. Mvua kubwa ikinyesha, msilale chini ya genge wala kandokando ya kijito kikavu. Huko Chesegon Aprili 2020, na Chesongoch mwanzoni mwa Novemba 2025, udongo uliteremka usiku watu wakiwa wamelala. Pili, sehemu za kaskazini za bonde zimesumbuliwa miaka mingi na wizi wa mifugo wenye bunduki. Muulizeni chifu au katekista wa pale kabla ya kupita.

Kwa nini marafiki?

Tunapenda vikundi hivi vichanganyike: Mkalenjin, Mkikuyu, Mluhya, Mjaluo wa mtaa mmoja. Uasin Gishu inakumbuka 1992, inakumbuka Januari 2008, wakati mahindi yalichomwa ghalani na jirani akamkimbia jirani. Vijana wa likizo ya leo wengi hawakuwa wamezaliwa, na yale wanayoyajua wameyasikia mezani kwao, kila mmoja upande wake. Kijana aliyekula ugali wiki mbili nyumbani kwa mama wa kabila lingine, akapewa mursik na blanketi, ana habari nyingine ya kusimulia. Lakini mzazi ana haki ya kujua ni boma gani, na mwenye boma ana haki ya kujua ni watoto wa nani. Simu moja kati ya wazee hao wawili inatosha, nayo ipigwe kabla ya safari.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya: Katika mtaa wetu ni vijana wangapi watakaokaa bure likizo hii, na ni nani kati yetu ana ndugu mwenye shamba Moiben au Soy? Sisi wenyewe tunapoajiri vibarua wakati wa kuvuna, huwa tunawalipa lini, na wanalala wapi?