Breki ya Nyuma Inayong'ang'ania

Swali: Kwa nini gurudumu moja la nyuma, lenye breki ya diski, hupata moto hata baada ya safari fupi?

Jibu: Magurudumu ya mbele yakishawekewa kabari na gari kuinuliwa kwa jeki, handibreki iachiwe na gurudumu lizungushwe kwa mkono; likikwama, skrubu ya kutolea hewa ifunguliwe kidogo, kwani likilegea hapo, hozi, yaani mpira unaopitisha mafuta ya breki, huenda imevimba ndani na kuyazuia kurudi. Lisipolegea, ichunguzwe kebo ya handibreki, kisha pistoni na pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi, ambazo mara nyingi hushikwa na kutu. Pini zipakwe grisi ya breki, kamwe si ya kawaida, ambayo huharibu mipira yake.