Kabla Hujabonyeza Kitufe cha Kurekodi

Wengi wanaoanza kutengeneza muziki hukimbilia programu na midundo, wakaisahau sauti yenyewe. Tuanze nayo.

Hatua ya 1: Ihisi sauti. Weka kiganja kifuani, imba noti nzito, kisha nyembamba. Ile nzito hutikisa kifua zaidi. Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani, takriban mita 343 kwa sekunde penye nyuzijoto 20. Idadi ya mitetemo kwa sekunde ndiyo masafa, nayo hupimwa kwa hezi. Sikio changa lenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Noti ya A ambayo wanamuziki wengi hutunia ala ni hezi 440. Ukipanda oktavu moja, inakuwa 880.

Hatua ya 2: Piga kofi chumbani. Mlio ukibaki hewani, ujue kuta zinairudisha sauti, na maiki itaunasa mwangwi huo pamoja na mwimbaji. Hapa usifanye haraka, maana mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki kirahisi. Egemeza godoro ukutani, tundika mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji, zima feni. Khanga haitoshi, ni nyepesi mno. Na mvua ikianza kupiga bati, subiri ipite. Mimi sijaona njia nyingine.

Hatua ya 3: Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya P na B isiipige moja kwa moja.

Hatua ya 4: Pima ukubwa wa sauti. Usipime kwa "moja, mbili, tatu". Mwimbaji aimbe kibwagizo kwa nguvu atakazotumia kweli. Vilele vifike karibu na desibeli -10. Sifuri ndiyo dari ya rekodi ya dijitali: wimbi likiigonga hukatwa kichwa, sauti hukwaruza, na haitarudi ilivyokuwa hata ukiipunguza baadaye. Sauti ndogo iliyo safi huongezwa bila shida.

Hatua ya 5: Hifadhi kwa WAV, biti 24, sampuli 44,100 kwa sekunde. Idadi hiyo inazidi mara mbili ya hezi 20,000, kwa hiyo inatosha kunasa yote tunayosikia. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Iache kwa kutumiana kwenye simu.

Sasa rekodi sekunde 30, vaa hedifoni, usikilize zote kabla ya kumwita mwimbaji arudie.