Muuguzi Akichoka, Mgonjwa Yumo Hatarini

Leo sisi wauguzi tunataka kuzungumza nanyi habari za uchovu wetu. Siyo kwamba tunalalamika. Uchovu wa muuguzi unamhusu mgonjwa pia.

Usiku mmoja mwenzetu alikesha na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Alfajiri akaletewa mtoto mwenye homa kali. Akajaza sindano, akaiona sawa. Msaidizi wake aliposoma kipimo kwa sauti, kumbe dawa ile ni ya mtu mzima! Bahati nzuri mtoto alikuwa hajachomwa. Tangu siku hiyo tumeweka desturi: dawa ya mtoto husomwa na watu wawili. Muuguzi akiwa peke yake, husoma kwa sauti, hutazama daftari, kisha husoma tena.

Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walipima jambo hili. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mkono wake ulikosea kama wa mtu aliyekunywa pombe. Tena mwili una saa yake. Kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri usingizi huzidi nguvu, hata kwa mtu aliyezoea kukesha.

Basi tufanyeje? Kabla ya zamu ya usiku tulale mchana, japo saa moja na nusu. Tukiwa wawili, tupokezane: mmoja ajinyooshe dakika 20, mwenzake awe macho. Akiamka asishike sindano papo hapo. Anawe uso, atembee kidogo. Chai ya rangi au kahawa husaidia, ila inywewe mwanzoni mwa zamu. Ukiinywa alfajiri itakufukuzia usingizi wa asubuhi.

Shida kubwa iko nyumbani. Mama muuguzi anarudi asubuhi, anakuta ndoo tupu, jembe linamngoja, na mgeni kaketi barazani. Akilala, watu husema, "Ati analala mchana, mvivu huyo!" Si uvivu. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Kwa hiyo baba, siku hiyo teka maji wewe. Ziba dirisha kwa khanga, na watoto wakachezee mbali.

Nanyi wanakijiji, kidonda cha wiki nzima kileteni mchana. Lakini mama akishikwa na uchungu, mtu akitoka damu nyingi, au mtoto akipata degedege, pigeni hodi saa yoyote. Hapo msituonee huruma.