Buti za Luce Zina Tope



Vatikani ilipomtambulisha Luce, katuni wa Jubilei ya 2025, tarehe 28 Oktoba 2024, wanateolojia wa kikundi chetu hawakulala. Koti la mvua ni imani, akasema mmoja, maana Dodoma hii mwezi Oktoba nani anavaa koti la mvua? Nywele za buluu? Bahari ya Galilaya, bila shaka! Tulicheka mno.

Ila buti zilitunyamazisha. Zina tope, tope la safari ndefu (sisi huku tungechora vumbi). Wengi wetu tunaahirisha kitubio, eti mpaka “tujiweke sawa” kwanza. Luce anaelekea Mlango Mtakatifu na tope lake vilevile.