Maramia Hai Mauna: Hofia Maji Kuliko Jua

Anayeleta Juba mmea wa mlima mkavu huogopa jua kwanza. Maramia hailiogopi. Kichaka hiki cha majani ya kijivu na maua ya zambarau, ambacho wataalamu hukiweka katika jenasi ya Salvia, asili yake ni miteremko ya mawe ya nchi za Mediterania. Kinachokiua hapa Hai Mauna, mtaa wa Juba, ni mvua za Aprili hadi Oktoba zikikutana na udongo mzito. Mizizi huoza, majani hunyauka, na mwenye nyumba, akidhani mmea una kiu, huongeza kopo jingine la maji.

Kwa hiyo usiupande ardhini. Tafuta chungu cha mfinyanzi kilichotobolewa kitako. Ndoo ya plastiki hushika unyevu mno. Changanya udongo na kokoto ndogo au mchanga wa chembe kubwa, karibu nusu kwa nusu. Kokoto si shida Juba: akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo chini ya Jebel Kujur wanaziuza.

Anayenunua maji ya boza kwa pipa atafurahi hapa, kwa kuwa maramia huhitaji maji kidogo. Chomeka kidole udongoni. Ukikuta unyevu, ondoka. Ukiwa mkavu, mwagilia asubuhi, kwenye shina, si juu ya majani. Februari na Machi, joto linapokolea, upe jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Mvua zikianza, sogeza chungu chini ya upenu.

Mbegu huchelewa. Ni rahisi zaidi kukata kijiti changa cha sentimita 10, kupukutisha majani ya chini na kukichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini, kwa wiki kadhaa.

Maua usiyategemee sana. Maramia hupenda miezi ya baridi kabla ya kuchanua, na Juba, kwenye mita 550 hivi kutoka usawa wa bahari, haina baridi ya namna hiyo. Binamu yake, Salvia nilotica, ameridhika na nyanda za juu za Kenya na Ethiopia. Mwenye hamu ya maua ya kuvutia nyuki na apande rihani, wa ukoo uleule. Mimi majani yananitosha.

Yakaushe kivulini. Jani moja au mawili kwenye kikombe cha chai yanatosha, kwa kuwa baadhi ya aina za maramia zina thujoni, ambayo ikizidi ni sumu. Mjamzito na mwenye kifafa wasitumie maramia kama dawa, na mafuta yake yasinywewe kabisa.