Jiwe Kwanza, Nasaba Baadaye: Kujiandalia Swali la Uchongaji wa India

Makala haya yanamlenga mtahiniwa wa utumishi wa umma nchini India, ambaye hutakiwa kuijua sanaa ya nchi yake tangu kale. Wengi hukariri majina ya mahekalu na nasaba kikasuku, kisha huyachanganya. Na katika karatasi ya mchujo jibu baya humpunguzia mtu theluthi ya alama za swali. Tunaonelea aanze na jiwe lenyewe.

Huko Mamallapuram, katika karne ya 7, mafundi wa Pallava walichonga itale. Itale ni gumu, huishinda tindo; ndiyo maana sanamu zake ni pana, zenye mapambo machache. Kule Belur, mahali pa wafalme wa Hoysala katika karne ya 12, walitumia jiwe la sabuni, jamaa ya lile la Tabaka, Kisii. Kwa ulaini wake, mchongaji aliweza kuonyesha mkufu wa mchezangoma shanga kwa shanga. Hekalu la Kailasa, Ellora, nalo lilikatwa katika mwamba wa basalti kutoka juu kwenda chini. Kosa la huko juu (hebu tulifikirie) halikuwa na kiraka.

Basi mtahiniwa akikuta mapambo yaliyosongamana, aulize kwanza: jiwe gani huyakubali haya?