Nanga Imara, Ujirani Mwema: Somo la Kuchagua Nanga ya Mtumbwi wa Uvuvi

Ndugu zetu wavuvi, wenye vyombo na wakazi wa mialo ya Ziwa Albert, katika somo hili tunakusudia kuzungumza juu ya kifaa ambacho wengi hukiona kuwa ni uzito tu wa kutupwa majini, nacho ni nanga. Huenda msomaji akajiuliza askari polisi ana haja gani na nanga ya mvuvi. Jibu letu ni kwamba katika ziwa lililogawanywa na mpaka wa nchi mbili, nanga isiyoshika si hasara ya mwenye mtumbwi peke yake. Mtumbwi ulioponyoka usiku hauna habari ya mpaka. Waliolala ndani yake, wakiamka, hujikuta mbele ya askari wa nchi nyingine bila hati mkononi, na samaki wao, nyavu zao na mashine yao vimeshikiliwa. Hapo ndipo maneno makali huanza mwaloni, na jirani wa jana huitwa mwizi.

Watu wazima wanaukumbuka mwaka 2007, ambapo mivutano ya ziwani ilizifikisha Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo karibu na ugomvi mkubwa, hata marais wa nchi hizo wakakutana Ngurdoto, karibu na Arusha, wakatia saini mkataba mwezi Septemba mwaka huo. Mkataba wa wakuu ni jambo jema, lakini amani ya kila usiku hulindwa na wale walio majini. Kwa sababu hiyo tunaihesabu nanga kuwa miongoni mwa vifaa vya usalama wa mpaka.

Ziwa letu na upepo wake

Ziwa Albert lina urefu wa kilomita 160 hivi, lakini maji yake si ya kina kirefu kama ya Ziwa Tanganyika. Kina chake cha wastani ni mita 25 hivi, na mahali penye kina kikubwa kabisa hapafiki mita 60. Karibu na pwani, na hasa kwenye midomo ya mito, mvuvi hufanya kazi katika maji ya mita 2 hadi 8. Haya ndiyo maji ya kina kifupi tunayoyakusudia.

Maji hayo yamezungukwa na magenge marefu ya Bonde la Ufa. Mchana, nchi kavu inapopata joto kuliko maji, upepo huelekea kuvuma kutoka ziwani kwenda pwani. Usiku nchi ikipoa, upepo hugeuka ukashuka kutoka magengeni kwenda ziwani. Basi na tuzingatie jambo moja: upepo wa usiku wa upande wa Uganda humsukuma mvuvi kuelekea kati ya ziwa, na upepo wa usiku wa upande wa Kongo humsukuma mwenzake vivyo hivyo. Na huko kati ndiko mpaka uliko.

Tufanye hesabu ndogo. Mtumbwi unaosukumwa kwa mwendo wa kilomita 2 tu kwa saa, tangu saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, utakuwa umekwenda kilomita 12. Hakuna aliyepiga kasia wala kuwasha mashine. Usingizi na nanga mbovu vimetosha.

Jinsi nanga inavyoshika

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba nanga hushika kwa uzito. Nanga njema hushika kwa kuchimba. Ukiivuta kwa ulalo, ukucha au bapa lake huingia chini ya ardhi ya ziwa, na kadiri mtumbwi unavyovuta, ndivyo inavyozidi kuzama. Ukiivuta kwenda juu hung'oka, na ndiyo maana twaweza kuipandisha tukiwa wima juu yake. Kila tutakalolisema hapa chini latokana na kanuni hiyo moja: mvuto wa ulalo hushikisha, mvuto wa juu hung'oa.

Aina za nanga na mahali pake

Jiwe na gunia la mchanga. Hizi ndizo nanga za wengi, kwa kuwa hazina bei. Lakini jiwe likiingia majini hupungukiwa na uzito: jiwe la kilo 20 huvuta kana kwamba ni la kilo 12 hivi. Tena halichimbi, bali hukaa juu ya tope na kuteleza. Jiwe lafaa kwa kutulia kidogo penye maji tulivu, wakati watu wote wako macho. Halifai kulaliwa.

Nanga ya makucha. Hii ina mkono mmoja na makucha manne au matano, na mafundi wetu huichomea kwa nondo na kipande cha bomba. Hushika vizuri penye mawe, kama chini ya magenge, na penye majani mengi ya majini. Penye mchanga au tope laini makucha yake membamba hulima mfereji tu, na mtumbwi huendelea kwenda. Atakayeitumia hapo aifanye kuwa nzito zaidi, na asiitegemee wakati wa dhoruba.

Nanga ya mabapa. Ina mabapa mawili mapana yanayokunjika kwenye mhimili. Mmarekani Richard Danforth aliitengeneza kwa ajili ya vyombo vya kushushia askari ufukweni katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sifa yake ni kwamba ni nyepesi lakini hushika kwa nguvu nyingi katika mchanga na tope gumu. Kwa mtumbwi wa mbao wa mita 6 hadi 8, nanga ya namna hii ya kilo 5 hadi 7 hutosha kwa kazi ya kawaida. Udhaifu wake ni mawe na majani, ambako mabapa hayapati pa kuingilia.

Nanga ya jembe. Umbo lake lafanana na plau ya kulimia. Iliundwa na mwanasayansi Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor mwaka 1933. Hushika katika mchanga na tope, na mtumbwi ukigeuzwa na upepo hugeuka nao bila kung'oka kwa urahisi. Ni ghali na huchukua nafasi, lakini wenye mtumbwi mkubwa wakichanga pamoja hawatajuta.

Nanga ya uyoga. Hii ni kama bakuli la chuma lililogeuzwa juu. Yafaa kwa tope laini kabisa na mtumbwi mdogo, lakini haishiki mpaka ikae muda mrefu na kufukiwa. Kwa mvuvi anayehama kila saa, ni kama jiwe lenye sura nzuri.

Kuijua ardhi iliyo chini

Hakuna nanga moja inayofaa kila mahali. Karibu na mdomo wa Mto Semliki utakuta tope na matete. Kwenye ndimi za nchi zilizoingia ziwani, kama Butiaba, utakuta mchanga. Na panapo magenge yaliyoshuka hadi majini utakuta mawe. Wazee wa bahari wana bildi, yaani uzito wa kupimia kina. Nasi twaweza kujitengenezea kwa kipande cha chuma na kamba yenye fundo kila mita. Pakaa grisi chini ya chuma hicho, kishushe mpaka kifike, kisha kipandishe. Fundo litakuambia kina, na grisi itakuonyesha kilichoko chini: mchanga utanata, tope litaipaka rangi, na penye mwamba itarudi tupu huku imekwaruzwa.

Ikiwa uwezo wako ni wa nanga moja tu, chagua inayolingana na mahali unapolala mara nyingi, si mahali unapopita. Ukiweza kupata mbili, chukua ya mabapa na ya makucha.

Kamba na mnyororo

Nanga bora yenye kamba fupi ni mbovu kuliko nanga hafifu yenye kamba ndefu, kwa sababu kamba fupi huvuta kwenda juu. Pima kutoka ukingo wa omo hadi chini ya ziwa, kisha toa kamba mara 5 ya kipimo hicho kukiwa shwari, na mara 7 au zaidi upepo ukiwa mkali. Kwa mfano, maji yana mita 4 na omo iko nusu mita juu ya maji. Jumla ni mita 4 na nusu. Kukiwa shwari toa mita 22 na nusu. Kukiwa na dhoruba toa mita 31 na nusu. Kwa hiyo mvuvi wa maji ya kina kifupi asitoke na kamba iliyo chini ya mita 40.

Kamba ya nailoni ndiyo inayofaa, kwa kuwa hunyumbuka wimbi linapogonga, tena huzama. Kamba za plastiki nyepesi zinazoelea huinua nanga na kunaswa na panga za mashine za wengine. Kamba ya katani huoza kwa ndani hali kwa nje yaonekana nzima. Baina ya kamba na nanga weka mnyororo wa mita 2 au 3, ili uzito wake uulaze mkono wa nanga chini na kuikinga kamba isikatwe na mawe.

Penye mawe, funga mnyororo kwenye kitako cha nanga ya makucha, kisha uushikize kwenye pete ya juu kwa uzi hafifu. Nanga ikikwama, vuta kwa nguvu. Uzi utakatika, na nanga itatoka kinyumenyume. Waliopoteza nanga nyingi miambani watauona uzi huo kuwa ni mali.

Kutia nanga kwa utaratibu

Elekeza omo kwenye upepo, simama kabisa, kisha shusha nanga polepole bila kuirusha. Acha mtumbwi urudi nyuma taratibu huku ukitoa kamba, halafu funga na uvute kidogo ili nanga ichimbe. Mwisho wa kamba uwe umefungwa tangu mwanzo kwenye mtumbwi wenyewe, maana wako walioiona kamba yote ikiwatoka mikononi.

Kamba ifungwe kwenye omo, kamwe isifungwe tezi. Mtumbwi uliofungwa kwa nyuma huyapa mawimbi mgongo wake wa chini, ulioelemewa na mashine, na wimbi moja au mawili huujaza maji. Kisu kikali kiwe karibu, ili pakiwa na hatari kamba ikatwe mara moja. Nanga hununuliwa tena, uhai haununuliwi.

Kisha chagua alama mbili za pwani zilizonyooka, kama mti na mwamba, au taa mbili wakati wa usiku. Alama zikiachana na mtumbwi haukugeuzwa na upepo, nanga inaburura. Washa taa nyeupe inayoonekana pande zote, na mmoja wenu abaki macho kwa zamu. Tena acha nafasi kubwa kati yako na mpaka, ili hata nanga ikiponyoka uwe na muda wa kuamka na kurudi. Na pale ngege wanapotagia, penye maji madogo na matete, tusiburure nanga zetu. Huko ndiko samaki wa mwaka ujao waliko.

Nanga ikishindwa kufika chini

Mashine ikizimika katikati ya ziwa, penye mita 30, nanga yako haitafaa kitu, kwa kuwa ingehitaji kamba ya mita 150. Funga ndoo imara au turubai lililofungwa pembe zake kwa kamba, ulitupe majini kutoka omo. Litajaa maji na kupunguza mwendo, nayo omo itaendelea kuyakabili mawimbi. Piga simu mapema kwa mwalo wako na kwa polisi, useme ulipo na idadi ya watu ulio nao, kabla betri haijaisha na kabla hujavuka mpaka.

Ukikutana na doria ya nchi jirani, usikimbie. Kaa mahali pa kuonekana, taa ikiwa inawaka na mikono ikiwa wazi, ueleze kwa utulivu yaliyokupata. Kamba iliyokatika na nanga iliyopinda ni ushahidi wako, usivitupe. Nanyi mlioko pwani, mgeni akiletwa na upepo, mpeni maji ya kunywa na mahali pa kukauka, kisha mwarifu wahusika. Upepo uliomleta leo waweza kumpeleka mwanao kesho.

Tahadhari kabla ya hatari, ndivyo walivyotuusia wahenga. Tunawaomba kila mwalo utenge siku moja ya kukagua nanga na kamba za mitumbwi yote, nasi tutakuja tukialikwa, tuje tukiwa wanafunzi na walimu kwa pamoja.

Maswali ya kujadiliana mwaloni

1. Ardhi iliyo chini ya maji tunapolala usiku ni ya mchanga, tope au mawe? Nanga zetu zinalingana nayo?
2. Mtumbwi wako ukitia nanga penye mita 6 za maji, na omo iko nusu mita juu ya maji, utahitaji kamba ya mita ngapi kukiwa shwari, na ngapi wakati wa dhoruba?
3. Ni nani mwaloni kwetu anayejua mitumbwi iliyotoka jioni, ili asubuhi ajue ambao haukurudi?
4. Mvuvi wa upande wa pili akiletwa na upepo usiku wa leo, tumekubaliana kumpokea kwa namna gani?